Kura ya Kumkomoa Giles Fenwick

Jumatano, 12 Machi

Bajeti leo. Redio ya saluni niliifungulia sauti tangu saa sita. Waziri Mkuu Lorimer amewapunguzia matajiri kodi, na pengo litazibwa na nini hakusema. Mbunge wetu, Giles Fenwick, ni naibu waziri hukohuko Hazina. Wanasema alikuwa nyuma ya Lorimer akipunga makaratasi kwa furaha.

Wateja wawili waliokuwa chini ya draya walipiga makofi. Na mimi nilipiga! Niandike ukweli, hakuna anayesoma humu. Giles nimempigia kura mara tatu. Picha yetu, yeye kashika mkasi wangu, iko ukutani juu ya sinki. Na mwezi uliopita tu alimshika binti yangu Kirsty bega papa hapa saluni, akamwambia, "Mwezi wa sita mtakuwa kwenu, naibu waziri mzima nakuahidi." Kirsty wangu ana mimba ya miezi mitano. Nyumba yao ya Mtaa wa Kinu imebaki kutiwa sahihi tu.

Jumatatu, 17 Machi

Pauni imeporomoka kwa ile bajeti. Benki zimeingiwa na kiwewe. Asubuhi benki yao imefuta mkopo wa nyumba wa Kirsty na mumewe Callum. Barua pepe ya mistari minne! Waombe upya, kwa riba karibu mara mbili. Callum alipiga hesabu nyuma ya bahasha, akatoka nje kuvuta sigara. Sigara aliacha miaka miwili iliyopita.

Mwenye nyumba amewapa mpaka Ijumaa.

Ijumaa, 21 Machi

Nyumba imekwenda. Kaichukua mtu wa London, atawapangishia watalii.

Kirsty hakulia. Alichukua kile kikaratasi cha rangi alizochagulia chumba cha mtoto, akakitupa kwenye taka pamoja na majani ya chai, akaniuliza kama nina mkate.

Na leo ndiyo siku ya Bi. Enid Fenwick, mama yake Giles. Kila Ijumaa saa nne, miaka ishirini sasa, namseti nywele. Ana miaka themanini na tatu. Nilizivuta rola hizo!

"Doreen, mwanangu, leo mkono wako mzito."

"Samahani, Bi. Enid."

Sikuwa na samahani yoyote. Niliitazama chupa ya dawa ya mvi. Ukiiacha nusu saa zaidi, mtu anatoka na kichwa cha zambarau. Ningesema nimesahau. Niliishika, nikairudisha. Bibi wa watu hajanikosea — ila amemzaa yule!

Alhamisi, 3 Aprili

Giles redioni. Mtangazaji kamwuliza kuhusu vijana waliopoteza nyumba. Kajibu kwamba watajifunza subira, kwamba hata yeye alikaa kwa wazazi mpaka miaka thelathini. Kwa wazazi! Nyumba ina vyumba vya kulala kumi na kimoja, naijua, kila Krismasi naenda kumseti mama yake huko.

Niliirushia redio brashi. Picha nimeishusha. Haikutosha, nikamkata kichwa kwa mkasi uleule alioushika.

Naapa nitamng'oa. Sitaki ajute. Sitaki aombe radhi, radhi yake nitaiweka wapi? Nataka aanguke mchana kweupe, mbele ya watu, na mimi niwepo nimwone uso.

Jumatatu, 28 Aprili

Lorimer chali! Wabunge wake wenyewe wamemtoa, walewale waliompungia makaratasi. Nilifunga saluni dakika kumi nikacheza peke yangu.

Halafu jioni namwona nani kwenye televisheni? Giles. Eti yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na ile bajeti. Wasiwasi! Mtu hana hata haya usoni.

Kirsty na Callum wamehamia kwangu, juu ya saluni. Kitanda cha mtoto tumekisimamisha katikati ya makasha ya shampuu.

Jumanne, 6 Mei

Waziri Mkuu mpya kaitisha uchaguzi. Alhamisi, tarehe 12 Juni.

Sikungoja hata chai. Nikaenda kwa Tamsin Ackroyd, daktari wa mifugo, ndiye anayesimama dhidi ya Giles. Nilimkuta zizini, mkono mzima umo ndani ya ng'ombe. Nikamwambia anipe kazi yoyote. Akaniuliza kama nakubaliana na sera za chama chake. Nikamwambia sera sizijui, namtaka Giles chini.

"Dada Doreen," akacheka, "mimi hiyo inanitosha."

Nimetoka na mkoba wa vipeperushi, na jina langu limeandikwa kati ya watakaomwakilisha kwenye kuhesabu kura.

Jumamosi, 24 Mei

Mitaa kumi na minne mpaka sasa. Kidole kimoja kimeng'atwa na mbwa nikitumbukiza kipeperushi kwenye tundu la barua mlangoni. Saluni nako simwachi mtu — mteja mwenye povu kichwani atakimbilia wapi? Naanza na habari ya Kirsty, namaliza na vyumba kumi na kimoja vya Giles. Mkulima mmoja kaniambia ana umri wa miaka sabini na hajawahi kuwapa kura watu wa Tamsin, ila safari hii atafumba macho.

Bi. Enid bado anakuja. Uchaguzi hautaji. Jana aliuliza kama Kirsty anavimba miguu, nikamjibu kwa mkato. Akaacha kofia ya mtoto aliyoifuma mwenyewe. Nimeitia kwenye droo. Sitaki kitu cha akina Fenwick.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepiga kura. Ukumbi wa kanisa, saa moja asubuhi, wa nne kwenye foleni.

Nilikuwa nimepanga. X moja kwa Tamsin, basi. Lakini nikaliona jina lake — FENWICK, Giles Edmund — na kisanduku cheupe kimekaa mbele yake kinangoja. Damu ikanichemka. Nikaishika ile penseli iliyofungwa kamba nikamchorea nguruwe. Na nimemweza! Masikio, pua, mkia uliojipinda, vyote ndani ya mistari. Nikakunja, nikatumbukiza. Nilikuwa mlangoni nilipokumbuka: X ya Tamsin sikuiweka!

Nilitaka kurudi. Karani akatikisa kichwa: ikishaingia imeingia.

Basi. Kura moja imeharibika kati ya maelfu. Atakayeifungua atazisoma salamu zangu.

Ijumaa, 13 Juni

Ukumbi wa michezo, saa nne asubuhi. Kwetu huhesabu mchana, masanduku mengine yanatoka mabondeni mbali. Nimesimama na beji ya Tamsin kifuani. Giles kavaa suti ya bluu, anampa kila mtu mkono. Mimi nikaficha wangu mfukoni.

Saa saba. Mabunda yanalingana. Wakala wa Giles kalegeza tai. Furaha niliyo nayo!

Saa nane na nusu. Ole wangu.

Zimeletwa kura zenye utata. Msimamizi wa uchaguzi, mwanamke mfupi mwenye miwani ya mnyororo, aliwaita wagombea mezani, sisi tukachungulia nyuma. Moja ina majina mawili, imekataliwa. Moja tupu, imekataliwa. Halafu akainua nguruwe.

Nguruwe wangu!

Wakala wa Giles akadakia hapohapo: alama iko kwenye kisanduku kimoja tu, haijagusa kingine, hakuna neno, hakuna jina la mpiga kura.

"Lakini mama, ni nguruwe!" Tamsin akasema.

"Naona, daktari," msimamizi akajibu. "Sheria haiulizi alama inafanana na nini, inauliza iko kwa nani."

"Ni tusi hilo!"

"Umejuaje? Nusu ya jimbo hili wanafuga nguruwe. Wengine wanawapenda kuliko wake zao." Akaiweka upande wa kulia. "Fenwick."

Giles akacheka mpaka meno ya nyuma. "Mungu ambariki aliyeichora!"

Ningesema nini? Kwamba ni yangu? Ingebadilika? Wangenitoa nje na kura ingebaki palepale.

Saa tisa. Wamelingana. Sawasawa! Elfu kumi na tisa, mia nne na sita kila mmoja. Bila nguruwe wangu, Giles angekuwa chini kwa kura moja. Kwa moja! Miezi mitatu, mitaa yote ile, kidole changu — na mimi ndiye niliyemshika asianguke!

Msimamizi kaamuru zihesabiwe tena. Zikibaki hivi, watapiga kura ya bahati, majina mawili ndani ya sanduku. Giles kakaa kwenye kiti cha plastiki, uso umemshuka, jasho linamtoka. Ndio uso ule nilioutaka. Siwezi kuutazama.

Saa tisa na robo. Bi. Enid kaja kukaa nami kwenye benchi. Kaangalia huku na huku, kaninong'oneza.

"Doreen, nina neno, lisitoke hapa. Mimi nimempigia yule msichana wa mifugo."

Nikamkodolea macho.

"Usinitazame hivyo. Siku ile alipomwahidi Kirsty nilikuwa chini ya draya yako, nilisikia yote. Sikumlea adanganye watu halafu aende redioni kuwacheka. Nimeweka X moja, nikatoka, nikaenda kukaa kanisani nikalia. Mwanangu wa kumzaa, Doreen! Lakini nimeweka."

Kanishika mkono.

"Nilijiambia angalau siko peke yangu," akasema. "Yangu na yako ziko pamoja mle. Au siyo, mwanangu?"

Kule mezani wameanza bunda la kwanza. Nimetoa daftari, nimemwambia ngoja kwanza niandike saa. Bado ananitazama. Naandika ili nisimjibu.