Shoka Langu Halikosi, Mke Wangu Hanisemeshi

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijaivunja simu isiyo na kosa. Mimi ni kinyozi, mke wangu ni fundi wa nguo, cherehani yake iko barazani mbele ya kibanda changu, na sote tumo kwenye kikundi cha simu ambamo kila mtu ana shujaa wake na tunapigana kwa maandishi tu: wewe unaandika unavyorusha pigo, mwenzako anaandika kama limempata au amelikwepa, halafu inakuwa zamu yake. Mimi ndiye niliyemwingiza mke wangu, nina shoka, yeye ana mkuki, na mwanzoni tulicheka mpaka nikawa nawakosea wateja ndevu.

Kisha akaja mmoja anajiita Radi, sura yake siijui, kazi yake siijui, lakini akipigana na mke wangu naisikia cherehani inanyamaza, mke wangu anasoma huku anatabasamu, Radi akimchoma begani yeye anapiga makofi kwa furaha, ila nikimpiga mimi anasema namwonea. Roho inaniuma, mshauri, sikufichi.

Juzi tukiwa jikoni tunamenya viazi akaniambia kwamba shujaa wa Radi haoni kwa jicho la kushoto, kikundini hakuna anayejua, wanaitunza siri hiyo kwa pambano kubwa. Kumbe wanaandikiana pembeni! Kesho yake nikamvaa Radi, nikamzunguka kushoto, nikaandika shoka limemkata mkono na ameanguka chali, zamu yake hata sikuingoja. Kikundi kikawaka moto, msimamizi anataka niombe radhi au nitoke, na mke wangu chakula ananiwekea lakini hanisemeshi, amesema neno moja tu: "Sitakuambia kitu tena." Sasa nimwombe radhi mtu anayeninyang'anya mke? Au nimwambie mke wangu achague, mimi au kikundi?

Kinyozi mwenye donge

Kaka kinyozi, kaa kwenye kiti, leo nakunyoa mimi.

Wivu unauma, pole, na sikucheki. Lakini umeharibu, tena vibaya. Kazi yako ni kurusha shoka. Limefika wapi, hilo anasema mwenye mwili wake. Na lile jicho shujaa wako alilijuaje? Alikuwepo akimenya viazi? Uliyekuwepo ni wewe, na wewe huna shoka.

Unashangaa mkeo kufurahi akichomwa na Radi. Nimeyasoma mapambano uliyonitumia, yote. Radi anachomwa, anachechemea, anakimbia, anarudi. Wewe mkuki wa mkeo haujakugusa hata ukucha: umeukwepa, umeudaka, umeuvunja kwa goti. Asiyekubali kushindwa si mshindani, baba. Huyo mama atacheka nini?

Tena mwenye la kuficha halileti jikoni. Alikuletea siri kwa sababu kama kuna mtu mmoja duniani wa kumwambia mambo yake, ni wewe. Ukaichukua ukaenda kumpigia mtu nayo hadharani. Mkono wa Radi utaota tena kesho kwa mstari mmoja, lakini lile neno alilokuambia mkeo halitarudi hivyo.

Usithubutu kumwambia achague, maana anaweza kuchagua. Leo hii, mbele ya kikundi kizima, lifute pigo lile na umwombe Radi radhi, na neno "lakini" lisiwemo. Ukimaliza, zima mashine, mteja asubiri, nenda barazani ukamwombe mkeo radhi kwa mdomo wako. Siri zake nyingine usimdai, atazileta akitaka. Akikubali kupigana nawe tena, mwache aanze. Mkuki ukija, usikwepe. Andika kwamba umekuingia, andika na unavyouma. Hayo maumivu hutahitaji kuyabuni.