Visu Ndani ya Ndoo ya Mawese

Mama mkwe wangu mpendwa,

Watu wengi hapa Bunia wanakukumbuka kwa sauti yako, ile uliyokuwa ukiitia wateja sokoni hadi barabarani wanageuka. Mimi nakukumbuka kwa mikono yako. Ilinukia samaki mchana, na jioni ilinukia mafuta ya mbarika.

Nilipotoka Butembo kuja kuolewa na mwanao, nilidhani utanipima kwa upishi. Hukunipeleka jikoni. Ulinikalisha kwenye mkeka uani, ukanitandikia visu vyako sita. Vyote vilifuliwa na mhunzi kutoka lesori, zile springi za malori makuukuu. Chuma cheusi, kizito, kinachopasua samaki kapitene mkubwa wa Mahagi-Port kama unakata ndizi mbivu. Lakini kikilala na maji usiku mmoja tu, asubuhi kina madoa mekundu.

Nilikuuliza kwa nini usinunue vile vya kung'aa vya dukani, visivyoshika kutu. Ulicheka.

“Ile ya duka ni ya kukatia mukate,” ulisema. “Hii inanisomeshea batoto.”

Ukanionyesha. Kuosha, kufuta kwa kitambaa kikavu, kukisogeza karibu na moto mpaka unyevu wote uishe. Kisha tone la mafuta kwenye kidole, unalitandaza kutoka mpini hadi ncha, pande zote mbili, mpaka chuma king'ae bila kudondosha. Mafuta ya moteri ya gari uliyakataa kwa sababu watu watakula samaki. Mawese uliyakataa kwa sababu yananata na kuvunda. Mbarika tu, tena ya yule rafiki yako wa Boga.

Halafu vita vikaingia. Malori ya samaki yakaacha kuja, soko likafungwa. Mwanao alikuwa machimboni kwenye dhahabu na njia ilikatwa, tukabaki wawili ndani ya nyumba. Hatukuwa hata na dagaa wa kukata. Lakini kila Jumamosi ulitoa visu, ukaviweka kwenye mkeka.

“Mama, samaki haiko,” nilikuambia siku moja. “Tunapaka mafuta ya nini?”

“Samaki itarudi. Itanikuta niko tayari.”

Ilikuwa Jumamosi kama hiyo, jua likiwa utosini, walipoingia vijana watatu wenye bunduki. Wa mbele tulimjua. Alikulia avenue yetu, na mama yake alikuwa mteja wako. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mkeka.

“Mama, utupatie izo visu,” alisema. “Tuko na kazi nayo.”

“Kazi gani?”

“Mama, weye unajua.”

Hukusimama. Ulimaliza kupaka kile kisu kirefu mpaka nchani, bila haraka. Kisha ulikigeuza, ukamnyooshea mpini.

“Chukua,” ulimwambia. “Lakini kwanza uniambie jina ya mutu utakata nayo. Umutaje hapa mbele yangu.”

Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Ukabaki hapohapo hewani.

“Mama, acha iyo maneno.”

“Jina moja tu, mutoto yangu. Ninajua bantu ya hii mutaa yote. Unitajie, nijue kama nilimukatia samaki.”

Hakuweza. Aliurudisha mkono. Mmoja wa wenzake akalipiga teke bakuli la mafuta, akasema mama huyu anawapotezea muda. Walibeba redio yetu na kuku wawili, wakatoka. Kisu kilibaki mkononi mwako, na vile vitano mkekani.

Walipokwisha kupita kona bado ulikuwa umekishika. Nililazimika kukufungua vidole, kimoja baada ya kingine, ili kisu kitoke.

“Bengine batakuja,” ulisema. “Na bale habanijue.”

Basi ukaamua twende Boga, kwa yule rafiki yako wa mbarika. Lakini visu tungevipitishaje? Kwenye vizuizi, aliyekutwa na kisu hakuulizwa mara mbili. Kuviacha, ulisema, ni kumwachia mtu mwingine ile kazi uliyoikataa. Ukatoa ndoo kubwa yenye kifuniko, ukasimamisha visu vyote sita ndani yake, na wewe, mama, uliyekuwa huruhusu mawese kugusa visu vyako, ukavimiminia mawese mpaka mipini ikazama. Baridi ya asubuhi ikayagandisha. Nikajitwika kichwani.

Kizuizi cha kwanza tulipita. Cha pili walisema tutue ndoo.

“Ni nini?”

“Mawese,” nilijibu.

Mmoja akaleta sufuria na kikombe, akaanza kuchota. Akachota, akachota tena. Nilikuwa nimeiinamia ndoo, nikaona nukta nyeusi ikianza kuchungulia kwenye yale mafuta mekundu: kichwa cha mpini. Ndipo nilipokusikia nyuma yangu, kwa sauti ya mgonjwa ambayo sikuwahi kuisikia kwako.

“Mutoto yangu, munataka kupika nayo? Iyo ni ya kupaka miguu yangu. Nilishatia mikono ndani, na hii vidonda yote.”

Ukapandisha kitenge kidogo, ukaanza kujikuna. Yule kijana alitema mate, akayarudisha mafuta yote ndani ya ndoo, akatufukuza kama nzi. Tulitembea mpaka nyuma ya kilima, ukakaa chini, ukacheka hadi machozi yakakutoka. Miguu yako, mama, ilikuwa mizuri kuliko yangu.

Boga ilikuwa imejaa wanawake waliokimbia kama sisi. Uani kwa rafiki yako tulifungua ndoo. Visu vilitoka vyekundu kwa mawese, na tulipovifuta kwa majivu na kitambaa hapakuwa na doa la kutu hata moja. Nilijua utaanza biashara siku hiyohiyo, kwa kuwa samaki wa mto Semliki walikuwa wakifika. Badala yake uliwaita wanawake watano waliokuja na watoto tu mgongoni, ukampa kila mmoja kisu chake. Mmoja alitoka Aveba, hakuwa ameshika samaki maishani mwake.

“Usilale kama haujaipaka mafuta,” ulimwambia kila mmoja. Hilo tu ndilo uliloomba.

“Mama, na siye?” nilikunong'oneza.

“Siye tuko bawili na kisu moja. Tutapokezana.”

Tulipokezana. Wale watano walipata kazi ya kukata samaki sokoni, na watoto wao walikula. Mwanao alitukuta hukohuko, amekonda lakini mzima. Uliporudi Bunia ulirudi kwenye meza yako, ukauza miaka mingi kabla ya kufa kitandani mwako, kwa amani, huku soko likiwa limejaa kelele tena.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la juzi. Mjukuu wako mkubwa amechumbiwa. Wakwe walikuja kutambulishwa, na kama desturi wakauliza binti huyu ni wa nyumba gani. Wazee wetu wakaanza kutaja mababu, mashamba, ng'ombe. Nilisubiri watakutaja. Hawakukutaja. Basi nikasimama, mimi mkwe, mbele ya wanaume wote.

“Huyu,” nilisema, “ni mujukuu wa mama mwenye kukata samaki. Wakati wa vita balikuja kumuomba visu bya kuua bantu. Akaulizia jina. Habakumupatia jina, naye hakubapatia kisu.”

Kisha bibi mmoja wa upande wa wakwe, mzee kabisa, akanyanyuka kwa taabu kwenye kiti chake, na akawa wa kwanza kupiga vigelegele.

Pumzika vizuri huko uliko. Natembea kichwa juu kwa ajili yako.

Mke wa mwanao