Nekesa, Vilikuwa Bado Vitatu

Mdogo wangu Nekesa,

Najua ukiona jina langu kwenye simu unaiacha ilie mpaka inyamaze. Sikulaumu. Ndiyo maana nakuandikia, na barua hii hii nawatumia wenzetu wote wa kikundi cha mbio, kwa sababu uongo niliusema mbele yao. Ukiona mahali nimeanza kujitetea, ruka.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi ndiye niliyekuvuta. Ulikuwa umetoka Bungoma mwezi huo huo, unalala kwangu pale Kiuu, umepata kazi ya kushona nguo kiwandani Ruiru. Nikakwambia mtu akikaa tu kwa cherehani atashikwa na mgongo, kana kwamba mimi ni daktari. Jumamosi nikakupeleka kwa kocha Kariuki, yule mwalimu mstaafu anayefundisha watu kukimbia kwa ramani kwenye mashamba ya kahawa, huku tunapokaribia Thika. Mnapewa ramani moja na dira, wawili wawili, mnatafuta vibendera vya rangi ya chungwa vilivyofichwa, na kila mkikipata kimoja mnatoboa kadi. Wawili lazima mfike pamoja. Mmoja akiachia njiani, mwenzake pia hahesabiwi.

Siku ya kwanza nilishika ramani juu chini. Tulimpita askari wa shamba mara tatu, na mara ya tatu akauliza, "Akina dada, kwani mmepoteza nini?" Ukamwambia tunatafuta kibendera. "Cha chama gani?" Woi! Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye udongo mwekundu, na mimi nikakugombeza kwamba saa inaenda. Hata siku hiyo, Nekesa.

Kocha alituanzisha kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili. Ulikuwa ukimwiga sauti tukifika nyumbani: "Ongezeni kidogo kidogo! Misuli ikiuma huku na kule, hiyo ni kazi. Lakini mfupa ukiuma mahali pamoja, pale unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, simama siku hiyo hiyo." Ulimwiga, lakini ulimsikia. Mimi ndiye niliyeona anatuchelewesha. Siku za kupumzika nilikutoa kwa blanketi alfajiri tukakimbie kwenye lami, na raba zako zilikuwa zimeisha soli. Nililiona hilo pia.

Wiki mbili kabla ya shindano uliketi kitandani ukaweka kidole kwenye muundi wa mguu wa kushoto. "Dada, ni hapa tu. Hapa hapa." Kidole kimoja. Nikakuchua na dawa, nikakwambia mguu utazoea.

Na yote hayo ya nini? Thamosi ya chai. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi, na thamosi tunayo. Ukweli ni wale wasichana wawili wa mtaa wa Kahawa Wendani, wanafunzi, waliokuwa wakitupita kila Jumamosi, na mmoja wao akaniita "mathe", yaani mama mzee, akinipita. Mimi, mathe! Nina miaka thelathini na nne. Nikaapa moyoni kwamba tutawashinda, na sikukuuliza wewe wala mguu wako.

Siku ya shindano vibendera vilikuwa kumi. Kwenye cha saba, pale kando ya bwawa, ulishika mti ukauliza, "Dada, bado ngapi?" Ramani nilikuwa nayo mimi. Nikasema, "Bado kimoja tu."

Uliniangalia usoni. Ukasema, "Sawa, kimoja naweza." Kwenye cha nane ukatabasamu ukidhani tumemaliza, na mimi nikasema pole, nimehesabu vibaya, sasa ndiyo bado kimoja. Ukaenda, ukichechemea, kwa sababu ungesimama ungeniharibia. Kale kamtaro ka maji kati ya mikahawa hata mtoto angekaruka. Nilisikia mfupa kabla sijasikia sauti yako.

Watu wakaja mbio. Kocha akauliza, "Kwani hakuwa anaumwa?" Nikajibu haraka, hata hakuna aliyenilazimisha: "Nilimwambia apumzike, akakataa." Ulikuwa umeuma mkono wa sweta. Ukanitazama, ukanyamaza. Kwetu mdogo hamkani mkubwa wake mbele ya watu, na mimi nilijua hutanikana. Nilijificha nyuma ya heshima yako.

Daktari alisema mfupa ulikuwa na ufa tangu wiki kadhaa nyuma, na ungepumzika ungejiunga wenyewe. Ulifungwa plasta, kiwanda hakikukungoja, ukarudi kwa mama Bungoma na magongo. Mama akawa anakuita kichwa ngumu kila nikipiga simu, na mimi namwambia, "Aki mama, mwache tu," kama mtu mwema.

Nilirudi kukimbia. Unasikia? Nilirudi. Na kila mgeni akijiunga, kocha humwonya: "Kulikuwa na msichana hapa, dadake alimkanya, hakusikia, akavunjika." Wageni wananigeukia kwa huruma. "Pole sana," wananiambia. Na mimi nasema asante. Nekesa, nasema asante!

Jumamosi iliyopita nilipangwa na mama mmoja mkulima kutoka Theta, ndiyo ameanza. Njiani akaniuliza, akihema, "Bado ngapi?" Mdomo wangu ukasema kimoja. Vilikuwa vinne. Sikuwa nimepanga kudanganya, neno lilitoka lenyewe. Nikasimama pale pale, nikampa ramani nikamwambia ahesabu mwenyewe. Akahesabu kwa kidole, akacheka. "Kumbe vinne! Basi mimi natembea." Tukatembea. Tulifika wa mwisho kabisa, yeye akiongea habari za ng'ombe wake, mimi nikilia.

Kesho yake nikampigia mama, nikamwambia yote. Akasema, "Miezi yote hii nimemgombeza huyu mtoto bure." Nikaanza kumwomba msamaha akanikata. "Si mimi wa kuombwa. Mwenyewe yuko hapo nje anaanika mahindi, mguu anauburuta."

Tangu hapo siwezi kukuondoa machoni ukiwa pale uani. Nisamehe, mdogo wangu. Na kama huwezi, mwambie mama aniambie, nitakubali. Sikuombi urudi Ruiru wala ukimbie tena. Nimemwomba kocha Jumamosi hii aisome barua hii kwa sauti, wageni wakiwepo, ili ile hadithi yake ibadilike. Nitakuwa nimesimama hapo hapo.

Ndani ya bahasha utakuta ramani ya siku ile. Nimekizungushia duara kibendera cha saba, pale uliposhika mti ukaniuliza. Hesabu mwenyewe kuanzia hapo. Vilikuwa bado vitatu, Nekesa, na nilijua.

Ni mimi dada yako mkubwa,
niliyekuwa na ramani.