Kichwa cha Msusi

Kwako mdogo wangu Rachael,

Huku Muthangari tuko wazima. Mvua imefukuza wateja pale saluni Westlands, na mwanangu Ivyne ameota meno mawili.

Picha uliyotuma tuliiona. Babake Ivyne aliikuza kwenye simu mpaka nywele zako zikajaa kioo chote, akauliza, "Kwani hamkuzaliwa na mama mmoja?" Nilicheka, kisha nikaenda chumbani kufunga kitambaa changu upya.

Nimemwona daktari wa ngozi. Nilimwambia nywele zangu zinanyonyoka kwa urithi, si unajua kichwa cha Baba. Akasema upara wa urithi kwa mwanamke huanzia utosini, nywele zinapungua polepole. Zangu zimekwisha pembeni mwa uso, pale rasta zinapovutwa. Mizizi ikivutwa miaka mingi hufa. Na mimi nilijisuka kwa kukaza kila mwezi, maana mteja huangalia kichwa cha msusi kabla hajakaa kwenye kiti.

Wewe hata kuchana unaona uvivu, na nywele zinamea tu kama magugu. Hilo ndilo linaloniuma.

Umesema Desemba unakuja nikusuke. Juzi nilikuwa namsuka mteja, nikajikuta nawaza kichwa chako na vile nitakavyozikaza nywele zako. Niliwaza huku navuta, mpaka yule mteja akalia.

Kwa hivyo njoo, lakini njoo na nywele zako hivyo hivyo. Usikubali mtu azivute. Hasa mimi.

Dada yako, anayekupenda pamoja na hayo yote,
Milcah