Ufunguo Niliouacha kwa Mama Mkwe

Mpendwa Mama Mounira, nakuomba msaada kabla ya Jumatatu, kwa maana mimi ni fundi wa kompyuta wa shirika la vituo vya afya hapa Kasongo, na mama mkwe wangu, Mama Léocadie, ni karani wetu kule Kabambare, na mwezi uliopita nilienda kwa pikipiki kutengeneza mashine yake, "Mukwe wangu, iko inaniuliza mot de passe kila saa," akasema, yaani neno la siri, na ofisi yake ni chumba cha kiti kimoja, nami nawezaje kukaa bega kwa bega na mama mkwe, jambo ambalo kwetu ni mwiko, basi kwa aibu nikaingiza jina langu kuu la kuingilia, lile linalofungua mashine zote, nikaliacha humo, nikatoka mbio.

Wiki mbili baadaye alifungua barua pepe ya matapeli, na kwa kuwa tuna domeni moja tu, yaani daftari moja la nani anaruhusiwa nini, kwa seva za hapa na zile za mbali tunazokodi kwenye wingu la mtandao, walipita na jina langu mpaka kwenye nakala za akiba, wakafunga rejista zote za chanjo, na sasa wauguzi wanaandika upya kutoka kadi za akina mama. Mkurugenzi, Papa Hippolyte, anasema, "Ule mama ndiye alifungua barua, Jumatatu anaacha kazi." Nilipopendekeza domeni mbili alijibu kwamba familia moja haigawanywi. Sijamwambia kwamba jina walilolitumia matapeli ni langu. Mke wangu analia, hajui ukweli. Nifanye nini?

Mkwe, Kasongo

Mkwe, pole, ila pole yangu ni fupi. Unaona aibu kukaa karibu na mama mkwe, huoni aibu kumwacha afukuzwe kwa kosa lako? Barua ya matapeli mtu yeyote aweza kuifungua. Ufunguo wa nyumba nzima uliuacha wewe.

Domeni mbili, ndiyo. Mwambie Papa Hippolyte hakuna familia inayogawanywa. Hata kwake wageni wanaishia sebuleni. Moja iwe ya mitambo: seva za Kasongo, za wingu, na akiba. Nyingine ya kazi: makarani, wauguzi, rejista. Jina la kazi lisifungue mitambo kamwe. Nawe uwe na majina mawili, na lile la mitambo uliandike kwenye mashine moja maalumu ya mitambo tu, si kwa mkwe, si kwa mkurugenzi.

Lakini hayo ni ya Jumanne. Jumatatu asubuhi, kabla barua ya kumfukuza haijapigwa muhuri, ingia kwa Papa Hippolyte useme jina lililotumika ni lako. Kisha mpigie mama mkwe umwombe msamaha. Kwa simu hamtagusana mabega.