Nilimjibu Daktari, "Nzuri"

Chumba cha uani,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umekaa dirishani pako, macho yamepata nafuu na mdomo uko vilevile. Je, jirani yako bado anaazima redio na kuirudisha bila betri? Na goti lako, limeacha kukusumbua ukipanda ngazi?

Usishangae kuona mstari niliouanza hapa nikaukata kwa wino. Nilikuwa nimeandika kwamba mimi sijambo, kama tulivyofundishwa kuanza barua, kisha mkono ukagoma. Karatasi ni hii hii, kwa hiyo nivumilie na uchafu wake.

Mama anakusalimu sana. Anasema ana wifi mmoja tu duniani, na huyo mmoja haandiki. Bado tunakaa naye hapa, amejitengea kona yake kwa pazia na anaitawala kama serikali. Mume wangu yupo, anashona viatu kibarazani kwa mwenye duka la rangi, na akipita mtu hamtazami uso, anatazama miguu.

Sasa nikueleze ya kwangu. Unajua nilianguka mwaka jana kwenye sakafu yenye sabuni, pale kiwandani tunapofua shuka za hospitali na hoteli. Nyonga iliunga vibaya. Mguu wa kushoto umekuwa mfupi, na nikisimama kwa muda unakufa ganzi hata sijui kama nimekanyaga sakafu au mguu wa mtu.

Kazi yangu ni kukunja. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, mnaivuta inyooke, mnasogeleana mkutanishe ncha, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Ni kutembea kutwa nzima ingawa hakuna mnakokwenda. Mwenzangu, ambaye wanamwita Pacha kwa sababu tumekunja pamoja miaka mingi, aliona ninavyohangaika akaniambia nisimame palepale, yeye atakuja. Basi tangu nirudi kazini nilisimama kama nguzo ya kuanikia, na Pacha akatembea safari yake na yangu. Shuka zilitoka zimenyooka, mzigo ulimalizika kwa wakati, na hakuna aliyeuliza.

Msimamizi mpya akauliza. Alisimama mlangoni akatutazama, kisha akaniita pembeni na kunieleza kwa upole kabisa kwamba kiwanda hakiwezi kulipa watu wawili kwa miguu ya mmoja. Hakunitukana, Shangazi. Angenitukana ningepata pa kumshika. Alisema nikaombe mafao ya ulemavu, ni haki yangu, na akanifungulia mlango mwenyewe.

Nikaomba. Nikaitwa kupimwa na daktari wa ofisi ya mafao, na hapo ndipo tulipoharibu, nyumba nzima. Mama alinipigia pasi gauni la bluu mpaka likasimama lenyewe. Mume wangu alikuwa ameniongezea soli kwenye kiatu cha kushoto, kwa ustadi ambao hata ukivishika viatu vyote viwili mkononi huoni tofauti. Nilipofika mlangoni kwa daktari niliegesha mkongojo wangu ukutani nje, maana tumelelewa kwamba huingii kwa mtu wa heshima umeegemea kitu. Nikaingia nimenyooka. Zile hatua chache hadi kwenye kiti niliuma meno, lakini usoni nilitabasamu.

Daktari alikuwa mtu mwema, mdogo kwangu kwa umri, macho yamechoka. Aliniuliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Aliniuliza habari za safari, nikasema nzuri. Kisha akasema, "Na habari ya mguu?"

"Nzuri tu, daktari. Tunashukuru."

Mdomo ulijibu wenyewe. Nilikuwa nasubiri salamu ziishe ndipo nitoe shida yangu, kama watu wote wanavyofanya. Huwezi kummwagia mtu matatizo kabla hamjamaliza kujuliana hali. Lakini yeye alikuwa ameshainama anaandika, na kwake salamu zilikuwa zimekwisha zamani. Baadaye aliuliza kama naweza kuinama, kama naweza kuinua ndoo ya maji. Nikajibu kwamba najitahidi. Nadhani na hilo alilichukua kuwa ndiyo.

Jibu lilikuja. Ombi limekataliwa, mwombaji anatembea bila msaada na yeye mwenyewe ameeleza kuwa mguu unaendelea vizuri. Nilirudi kiwandani nikamwambia msimamizi kwamba basi mimi ni mzima, ofisi imesema. Akasikitika, akasema macho yake yameona alichoona. Kwa hiyo ofisini ni mzima na kiwandani ni kilema. Nimebaki katikati, kila upande umeshika ncha yake na hakuna anayesogea.

Nimekata rufaa. Itasikilizwa mwisho wa mwezi, na wakikataa tena ndio basi. Tutakihama chumba hiki, kwa sababu kushona viatu peke yake hakutulishi watu watatu na kutulipia kodi. Mume wangu anasema kwao kuna nafasi ya sisi wawili tu. Mama hajaambiwa. Juzi nilimkuta anafua pazia la kona yake, anasema linataka kuonekana vizuri, nikatoka nje nikakaa juu ya makopo matupu ya rangi kwa sababu sikuweza kumtazama.

Mama mmoja wa dirishani pale ofisini alinionea huruma. Alinishauri nije na mtu anayeyajua maisha yangu, anisemee. Nilicheka, akadhani nimefurahi. Nimlete nani? Mama ataulizwa mwanao anaendeleaje, naye atasema hajambo kabisa, karibuni nyumbani. Mume wangu atanivua kiatu awaonyeshe soli. Pacha yuko tayari, lakini akieleza kwamba alikuwa anatembea kwa niaba yangu, wakubwa wa kiwanda watajua walivyofichwa tangu nirudi kazini, na Pacha ana nyumba ya kulisha. Nimemkataza.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Siku ya harusi yangu mama mkwe alikuuliza habari mbele ya wageni wote, ukamjibu mbaya, viatu vinakubana na chakula kimechelewa. Sisi tulitamani ardhi ipasuke itumeze. Tukakuita Shangazi Pilipili, na nadhani ulijua. Leo ndiyo nakuonea wivu. Katika ukoo mzima ni wewe tu unayeweza kuulizwa hali ukasema hali.

Sikuiti uje. Najua macho yako na najua urefu wa njia. Nimekuandikia tu kwa sababu nimechoka na ninaogopa, na hapa nyumbani kila ninayetaka kumwambia hivyo ananiuliza kwanza habari, nami namjibu.

Wiki hii nilimwomba Mama tufanye mazoezi. Alikaa kitini, akavaa miwani, akanyoosha mgongo akawa daktari. Akauliza habari ya mguu, nikasema nzuri, tukacheka wote wawili mpaka mume wangu akachungulia. Akauliza tena. Nikakaza macho sakafuni nikasema, "Mbaya, Mama. Mbaya sana. Usiku unaniliza na kazi sitaiweza tena."

Mama alivua miwani. Aliinuka akaenda nyuma ya pazia lake, na tangu siku hiyo nikimwomba turudie anasema ana kazi. Sasa anaponisalimu asubuhi ananiuliza kama nimeamka, basi. Habari haniulizi.

Kwa hiyo sijui, Shangazi. Kulisema nimeweza mara moja, na lilimuumiza asiyehusika. Mbele ya wale wazee wa rufaa, wamevaa makoti yao, wakianza na salamu kama watu wazuri, najiona kabisa nikiwajibu nzuri, tunashukuru.

Nisalimie Mjomba Baiskeli, mwambie bado nacheka kengele yake. Nisalimie yule binamu fundi seremala na mkewe, na pacha wao ambao sijawaona. Bibi wa ng'ambo ya barabara mpe mkono wangu. Mungu akutunzie macho, na mdomo wako akuachie hivyo ulivyo, maana sasa nimejua kazi yake.

Nao wote hao watakuuliza habari zangu. Tafadhali usiwaambie sijambo.

Wako akupendaye,
Mtoto wa kaka yako.