Nyumba za Mezani

Uru, 11 Februari 1996

Mwanangu Justina,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tunaendelea, ila jua limekuwa kali na ng'ombe anakula majani ya kununua. Je, kikohozi kimekuachia?

Boksi limefika. Baba yako mdogo Rogath alilitoa posta pamoja na barua yako, akanipandishia mpaka nyumbani. Tangu baba yako atutoke sina sanduku la posta zaidi ya hilo lake, na hajawahi kulalamika.

Sasa usinicheke. Vile vitofali vya plastiki ulivyosema nipeleke chekechea ya parokia, sijavipeleka. Nilifungua nione kama havikuvunjika njiani. Nikashikanisha viwili, nikaongeza cha tatu, na nilikuja kushtuka ng'ombe analia kwa kutokukamuliwa. Nyumba hii tunayokaa marehemu baba yako Sirili aliijenga na mafundi wake. Mimi nilibeba maji na mchanga mpaka utosi ukaota sugu, na hakuna aliyenipa tofali hata moja nilipange. Nina miaka hamsini na nane, mwanangu, na jana nimepanga ukuta wangu wa kwanza. Nilitokwa na machozi ya furaha, mtu mzima mimi.

Nimejenga nyumba yetu. Kuzunguka kihamba, shamba letu na migomba yake yote, nimepanga vile vya kijani viwe ua wa masale ya mpakani. Sitaki kuvitoa.

Mama yako,
Theodora


Würzburg, 9 Machi 1996

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, baridi ndiyo bado. Barua yako niliisomea ndani ya basi, nikacheka mpaka mzee wa pembeni yangu akahama kiti.

Hivyo ni vyako. Chekechea nitawatumia vingine. Mimi ndiye mtoto wako wa pekee na nipo huku, na kila nikikufikiria umekaa peke yako jioni roho inaniuma. Sasa walau najua mikono yako ina kazi. Kwa nini usijenge na za majirani, upate mtaa mzima hapo mezani? Anza na Mektrida, atafurahi yule.

Msalimie sana baba mdogo. Bila yeye kunihangaikia, pasipoti ningeisikia kwa wenzangu tu.

Mwanao,
Justina


Uru, 2 Juni 1996

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Masika imetuchapa mwaka huu, lakini mwili bado unanitii. Na wewe unakula vizuri?

Nilifuata ushauri wako. Nimejenga kwa Mektrida, kwa mzee Primus, na wengine mpaka kule njia panda. Mektrida alikuwa akileta wageni waone nyumba yake na bati lake la bluu. Mimi nikijenga nyumba ya mtu, Justina, namwombea humo humo, kila tofali na jina lake. Sijui kama ni dhambi kusali hivyo, lakini nakuwa na amani.

Tatizo lilikuja kwenye kanisa. Vipande bapa viliniishia, nikaazima paa la Mektrida nimalizie. Jumanne alikuja kunywa chai, akaona nyumba yake iko wazi juu. Aliiacha chai nusu kikombe, akaaga. Ijumaa upepo ukashuka kutoka mlimani ukang'oa bati lake lote, ukalitupa kwenye migomba. Nilikwenda kumpa pole na ndoo ya mtori wa ndizi. Alipokea ndoo, hakunikaribisha ndani.

Rogath naye amegusia tena habari za kihamba. Anasema mjane asiye na mtoto wa kiume anakaa kwa hisani ya ukoo, na kwamba kuna tajiri wa mjini anatafuta kiwanja kando ya barabara ajenge nyumba ya wageni. Kahawa hailipi tena, anasema. Nikamjibu, “Hapa nitatoka nimebebwa, shemeji.” Akacheka, akamaliza chai yake akaondoka.

Mama yako,
Theodora


Würzburg, 23 Juni 1996

Mama,

Shikamoo, na pole na mvua. Mimi mzima.

Upepo ni upepo, Mektrida atasahau akishapata bati jipya. Nimekutumia boksi kubwa zaidi, lina vipande bapa vya kutosha, usiazime tena paa la mtu. Wakati nalifunga nilijaribu kuunganisha kidogo tu, nikajikuta nimekaa sakafuni na chakula kimeungua jikoni. Kumbe ni ugonjwa wa kurithi.

Kuhusu kihamba usiogope. Baba mdogo huwa anasema tu, ndivyo alivyo. Ni damu ya baba.

Mwanao,
Justina


Uru, 18 Agosti 1996

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nakuandikia hapa chini.

Mzee Primus alituma mtu kuniomba niitoe nyumba yake mezani. Wewe unajua alivyokuwa anaumwa kifua tangu mwaka juzi. Nikasema sawa, sitaki kumsumbua mgonjwa, nikaibomoa siku hiyo hiyo na kuvirudisha vitofali ndani ya boksi. Kabla ya wiki mbili kupita, akafariki. Sasa wanasema nilimbomoa. Kumwacha mezani ni kosa, kumtoa ni kosa. Msibani nilikaa na wanawake kumenya ndizi, na kila beseni nililoligusa lilihamishiwa pembeni.

Hakuna anayekuja kunywa chai. Jumapili kanisani benchi langu ninakaa mwenyewe. Rogath anasema ananitetea kwenye vilabu vya mbege, ila watu ni wagumu kuelewa. Hata huwa anauliza ninajenga nini sasa.

Bahasha yako ya mwisho ilifika imefunguka pembeni. Anasema gundi ya huko haiwezi hali ya huku.

Niambie ukweli, Justina. Nivichome? Nikiviangalia naona kitu pekee nilichowahi kujenga mimi mwenyewe.

Mama yako,
Theodora


Würzburg, 8 Septemba 1996

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imeninyima raha. Mimi ndiye niliyekuambia ujenge za majirani, nisamehe.

Usivichome. Za majirani zitoe zote, ubaki na nyumba yetu tu. Na kuanzia leo usijenge nyumba ya mtu mwingine, isipokuwa mwenye nyumba aje kwa miguu yake mwenyewe akuombe. Akiomba mwenyewe hakuna wa kukulaumu. Krismasi nakuja, nitakaa na hao wazee tuzungumze. Likitokea la kutokea kabla ya hapo, kimbilia kwa baba mdogo.

Mwanao,
Justina


Uru, 29 Septemba 1996

Mwanangu kipenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo nakuandikia nikiwa nimeshiba furaha. Usiwe na wasiwasi tena, lala.

Juzi Rogath alikuja akiwa ameshika isale, jani lenyewe limefungwa fundo kama zamani. Akaniomba msamaha kwa yale ya kihamba. Unajua kwetu anayekuja na isale hakataliwi, hata kama amekuulia mtu. Nikampokea, tukakaa. Ndipo akasema, “Nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe, shemeji, nijengee na mimi nyumba yangu. Mwenye nyumba akiomba mwenyewe hakuna wa kukulaumu.” Utadhani alikuwa amekusikia wewe. Alipoinuka kuondoka ndipo akakumbuka barua yako ilikuwa kwenye koti, akanipa.

Basi nimejenga. Haijawahi kutokea nyumba nzuri hivi. Alitaka na watu wawemo, kila mmoja mahali pake, na mkewe anayeumwa miguu nimlaze kitandani kama alivyo. Nimewatengeneza kwa vipande vidogo kabisa. Jumapili ya tarehe kumi na tatu Oktoba, baada ya misa, niipeleke kwake mimi mwenyewe. Wazee wa ukoo wote wameitwa na Mektrida pia, waione kwa macho yao wakome kusema.

Nimefua kitenge cha sikukuu.

Mama yako,
Theodora


Würzburg, 22 Oktoba 1996

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, na Jumapili hiyo imeshapita. Nimepiga simu parokia tangu asubuhi, haishiki.

Mama, maneno hayo ni yangu. Kwa miguu yake mwenyewe, hakuna wa kukulaumu, niliyaandika mimi na wewe ulikuwa hujayasoma bado. Hakutaka wakome kusema. Alitaka wazee wakuone unaingia uani kwake umebeba nyumba yake mikononi, na mkewe mgonjwa umemlaza humo, wakuite mchawi na kihamba kibaki kwake. Kama bado upo nyumbani, funga mlango, nenda kwa masista wa parokia, usisubiri

Nilikatisha hapo niwahi posta, nikaanza kuandika anuani juu ya bahasha. Nimeandika jina lako, halafu sanduku la posta la baba mdogo, na mkono ukasimama. Nimerudi kwenye karatasi hii.

Shikamoo, baba mdogo.

Najua ni wewe unayesoma. Ulisoma ya Machi na ya Juni, na ile ya Septemba ulikaa nayo kwenye koti wakati mama anakukaribisha kiti. Ulinihangaikia pasipoti, na mimi nikakuamini kama baba. Sasa nakuuliza jambo moja tu, mama yangu yuko wapi? Akiwepo mpe barua hii hivyo hivyo ilivyofunguliwa, aniandikie hata mstari mmoja kwa mkono wake. Mwandiko wake naufahamu.

Asipoandika, basi ujue nami nimenunua vitofali. Nyumba yako naikumbuka vizuri: madirisha manne mbele, mlango wa kijani, ngazi mbili, na chumba cha kona unapolala. Nimeimaliza leo, ipo mezani kwangu. Paa sijaweka.

Yale uliyowaambia watu juu ya mama kama ni uongo, huna la kuogopa. Wewe ndiye unayejua.

Likizo yangu inaanza tarehe mosi Desemba. Nakuja.

Mwanao,
Justina